Kama Nimekuelewa Vizuri

Ghorofa ya tatu, upande wa nyuma,
Juu ya duka la miwani.
Jumamosi, 14 Juni.

Mpendwa Kaka,

Pokea salamu zangu, nyingi kuliko bahasha hii inavyoweza kubeba. U hali gani huko? Mgongo wako vipi, na ile zamu ya kusimama kutwa wamekupunguzia au bado? Wifi amepona kikohozi? Na Kidoti, kitinda mimba wenu, bado anagombana na soksi kila asubuhi? Sisi huku wazima. Goti langu linapiga kelele nikipanda ngazi, nikifika juu linanyamaza, kwa hiyo bado sijaliita ugonjwa. Mwanao hajambo. Anakula, analala, mashavu yameanza kujaa.

Najua unajiuliza kwa nini nakuandikia barua wakati simu ipo na juzi tu tulizungumza. Nitakwambia ukweli. Kwanza, ukuta wa nyumba hii ni kama pazia, na ninayotaka kukueleza yanamhusu aliye upande wa pili wa ukuta. Pili, simu ungeichukua ukanifokea, nami nikifokewa nasahau nilichotaka kusema. Na tatu, hii unisamehe, nimeichagua barua makusudi ili ikufikie mambo yakiwa yamekwisha na usipate nafasi ya kunizuia.

Ni habari ya kazi ya mwanao, Wakili wetu.

Nilipopata ujumbe wako wa sauti, ukicheka na kupiga makofi, ukisema umeshawatangazia wenzako wote kwamba mwanao amepata kazi kwenye kituo cha simu za dharura, na kwamba sasa hutaongeza mkataba, unarudi nyumbani mwaka huu huu, nilikaa kitandani nikausikiliza tena. Halafu nikainuka nikaanza kukunja mashuka ambayo yalikuwa yamekwisha kukunjwa. Toka siku ile situlii. Nikikaa nasimama. Nikisimama natafuta cha kupangusa.

Kaka, ile kazi hajaipata sawasawa.

Usaili ulifanyika hapa chumbani kwangu, kwa video, kwenye kompyuta aliyoazima kwa rafiki yake. Chumba changu ndicho kinachopata mwanga mzuri. Mimi nilipewa kazi ya ulinzi. Nikamwomba muuza miwani apunguze redio, nikawahamisha watoto wa jirani na kamba yao ya kuruka hadi ghorofa ya chini, nikakaa mlangoni kama askari. Mambo yakawa shwari mpaka akapita mtu wa kutangaza dawa ya panya na kipaza sauti chake, akaamua kusimama hasa chini ya dirisha letu. Dirisha lilikuwa wazi.

Ikabidi niingie. Kwa kuwa kamera ingeniona, niliingia kwa magoti na viganja, umri huu, na goti hili. Nilipofika chini ya dirisha nikainua uso. Nyuma ya kompyuta, mahali ambapo kamera haifiki, kulikuwa na simu nyingine imeegemezwa kwenye kopo la sukari. Ilikuwa inawasikiliza wale wasaili, na kila walipouliza swali, jibu lilijiandika lenyewe kwenye kioo, mistari ikishuka mmoja baada ya mwingine, na mwanao anasoma. Ndiyo hiyo akili mnemba wanayoizungumzia. Aliniona. Mdomo wake haukusimama, uliendelea na “katika mazingira yenye shinikizo kubwa, mimi huzingatia vipaumbele,” lakini macho yaliniangukia yakiniomba ninyamaze. Sijawahi kuona mtu akisema kitu kimoja kwa mdomo na kingine kwa macho namna ile.

Nikafunga dirisha. Nikatoka kwa magoti vilevile. Nikashuka nikamfukuza yule wa dawa ya panya.

Kwa hiyo usifikiri nakuandikia nikiwa mtu safi. Nililinda mlango, na baada ya kuona, niliendelea kulinda.

Baadaye nilimkalisha chini. Unajua kwa nini tulimwita Wakili tangu yuko shule ya msingi, kubishana naye ni kazi ya kutwa. Akaniambia: “Shangazi, mwaka mzima natuma maombi. Unajua nani anayasoma? Mashine. Mashine ndiyo inayonikataa. Hakuna binadamu aliyewahi hata kuuona uso wangu. Leo na mimi nikileta mashine yangu, nimekuwa mwizi?”

Nikamwambia, “Na mgonjwa atakayepiga simu, naye ni mashine?”

“Kazini kuna mafunzo. Watanifundisha.”

“Watamfundisha yule waliyemsikia. Huyo hayupo kwenye nyumba hii.”

“Kila mtu anafanya hivi sasa, Shangazi. Asiyefanya anaonekana zuzu.”

“Na yule msichana au kijana aliyejibu kwa kichwa chake akakosa nafasi kwa sababu yako, tumwite zuzu?”

Akasema, “Mimi nimekuwa huyo mara ngapi?” Kweli amekuwa huyo, Kaka, mara nyingi, na mimi ndiye niliyekuwa nampikia chai akirudi na uso umeanguka. Nikaenda kupangusa jiko.

Kuna jambo lingine, na hili utacheka. Wakati wa usaili alikuwa na ujanja wa kuipa mashine muda wa kuandika. Akiulizwa swali, kwanza analirudia polepole: “Kama nimekuelewa vizuri, unauliza kwamba...” Wasaili walidhani ni umakini. Sasa ujanja umemganda. Juzi nimemuuliza, “Umekula?” Akaniambia, “Kama nimekuelewa vizuri, unauliza kama nimekula?” Nilimrushia kitambaa cha vyombo. Alicheka na yeye, lakini kicheko kilikatika njiani.

Jana nikiwa kazini kwenye dobi la hospitali, simu yangu iliita. Mama mmoja, sauti nzito, ya mtu aliyeongea miaka mingi. Ni msimamizi wa zamu wa kile kituo. Wakili alikuwa ameniandika mimi kuwa mdhamini wake. Akasema walishamwambia kijana wangu kwamba amepita, wamempenda sana, ana utulivu wa ajabu, majibu yamenyooka kama yamepigwa pasi. Halafu akasema: “Nina swali moja tu, dada, kabla hatujampa barua. Ndivyo alivyo kweli?”

Unajua nilijibu nini? “Kama nimekuelewa vizuri, unauliza kama ndivyo alivyo?”

Wallahi nilitaka ardhi inimeze. Nikadanganya kwamba mashine za kufulia zinanguruma simsikii vizuri, anipigie Jumatatu asubuhi. Akakubali. Kwa hiyo nina leo na kesho.

Leo Jumamosi nilikuwa na zamu ya asubuhi. Wewe unaijua kazi yangu, lakini hujawahi kukijua chumba chenyewe. Kuna mashuka yanayoingia kwa mikokoteni kutoka wodini, kuna mvuke, kuna mashine kubwa ya kukamulia ambayo ikianza kuzunguka watu wote tunaongea kwa mikono. Nikaona kelele ile ndiyo ninayoitaka. Nikasimama kando yake nikampigia Wakili kwa simu ya mwenzangu, ili asijue ni nani, adhani labda kituo kinampima. Nikabana pua. Nikasema kuna mtu ameanguka barabarani na mimi sijui niko wapi.

Kimya. Kaka, kile kimya nikakitambua. Ni kile kile cha chumbani kwangu. Alikuwa anasubiri iandike. Halafu akaanza: “Kama nimekuelewa vizuri, unasema kwamba mtu ameanguka. Tafadhali dumisha utulivu. Ninaelewa hisia zako.”

Mwenzangu tunayemwita Bi Pasi, mwenye simu, alikuwa ameweka sikio. Akaninyang’anya. “Dumisha mwenyewe! Mume wangu anakata roho hapa we unanielewa hisia?”

Mwingine akapaza sauti toka kwenye meza ya kukunjia, “Una mume wewe?”

“Nimempata leo, na leo hii hii anakufa, kwa ajili ya huyu!”

Walicheka mpaka wakajifuta macho kwa foronya safi. Upande wa pili nikamsikia Wakili akisema kwa sauti ndogo, “Shangazi, huyo si Bi Pasi?” Na akakata.

Mimi sikucheka. Nilikuwa nimemkumbuka mama.

Wewe ulikuwa umeshaondoka wakati ule, nilikusimulia kwa simu, lakini nadhani nilikusimulia yaliyotokea tu. Sikukusimulia ile sauti. Mama alipoanguka hakuwa nyumbani, tulikuwa tumekwenda kumtafutia viatu, mtaa ambao siujui. Nikapiga simu ya dharura nikaanza kulia na kueleza habari za presha yake toka mwanzo. Mwanamke aliyepokea akanikata katikati: “Uko wapi?” Nikasema sijui. Sikujua, Kaka, kichwa kilikuwa kimefutika. Hakunifokea wala hakuniambia nitulie. Akasema, “Sawa. Inua macho. Unaona nini mbele yako?” Nikasema naona ukuta wa bluu, na saa kubwa iliyosimama. Akasema, “Hiyo saa naijua. Usiondoke hapo.” Gari likaja. Tukapata miaka miwili zaidi ya mama, na wewe ukaweza kuja ukamuona.

Usiku ule nikaiandika ile sauti kwenye daftari langu, hilo mnalonichekea wote na kuniitia Kalenda. Leo nilipofika nyumbani nikamsomea Wakili ukurasa huo. Wakati ule alikuwa shule ya bweni, tulimficha mengi. Alisikiliza akiwa anatazama viganja vyake. Aliingia kwake, akatoka na ile simu ya pili, akaiweka mezani kwangu kando ya kopo la sukari.

“Chukua hii,” akasema. “Kesho nipigie tena.”


Jumapili.

Naendelea. Nimerudi jioni hii, miguu bado inawaka moto.

Nimetembea mji huu leo kama mtu aliyepotelewa na mbuzi. Nampigia nikiwa nyuma ya gereji ya pikipiki, nampigia nikiwa kwenye ngazi za benki iliyofungwa, nampigia nikiwa ndani ya duka la rangi mpaka mwenye duka akaniuliza kama nina nia ya kununua. Kila mara najifanya mtu mwingine, na kila mara sijui niko wapi.

Ningependa kukuandikia kwamba mwanao aling’ara. Hakung’ara. Mara ya kwanza aliniuliza jina, umri na ugonjwa, akasahau kabisa kuuliza mahali. Mara ya pili aliuliza mahali, nikalia, akaanza kunipigia kelele. Mara nyingine alikata simu, nikakaa pale kwenye ngazi za benki nikiwaza kwamba kama ningekuwa na mgonjwa kweli, angekuwa anakufa mapajani mwangu wakati kijana wetu amekasirika.

Nilipompigia tena akasema, “Shangazi, umeshinda. Furahi basi.”

Nikamwambia, “Sifurahi. Niko mahali sipajui na mama yangu ameanguka.”

Alinyamaza. Lakini kimya hiki kilikuwa cha aina nyingine. Nilisikia anavuta pumzi. Akasema, “Kuna kelele gani hapo?” Halikuwa swali zuri sana, pale palikuwa kimya. Lakini lilikuwa la kwake.

Baada ya hapo mengine yalikwenda vizuri, mengine vibaya. Sitakupamba.

Jioni tulikunywa chai. Nikamwambia, “Kesho yule mama akiniuliza, nitamwambia nilichokiona.” Nilitegemea atabisha. Aliuliza tu, “Na baba?”

“Baba yako nitamwandikia.”

“Atasema hatarudi.”

Hilo ndilo linalonikosesha raha, Kaka, zaidi ya kazi yenyewe. Najua umehesabu kurudi kwako juu ya kazi hii. Najua wifi ameanza kugawa vyombo. Nikifumbua mdomo kesho, mimi ndiye ninayekuzuia mlango wa ndege. Nikinyamaza, siku moja mtu mwingine atasimama mbele ya saa iliyosimama, na atakayepokea simu ni wetu.

Nimeizunguka meza hii mpaka sakafu imenichoka.


Jumatatu.

Nimeomba ruhusa ya asubuhi kazini. Bi Pasi ameshika nafasi yangu, na ameniambia nimwambie Wakili kwamba yule mume bado mahututi.

Wakili aliamka kabla yangu. Nikamkuta amevaa shati la usaili, limepigwa pasi. Akasema, “Akipiga, nipe mimi niseme mwenyewe. Ukisema wewe itakuwa nimeshtakiwa.” Hata hapo wakili ni wakili. Nikakubali.

Yule mama alipiga kama alivyoahidi. Nikamsalimu, nikamwambia kabla sijamjibu swali lake, kijana mwenyewe ana neno. Nikampa simu, na nikaiweka kwenye spika ili nisije nikadhani nilisikia nisichosikia.

Wakili akaanza, “Kama nime...” Akajikata. Akajipangusa mdomo. Akasema: “Mama, yale majibu hayakuwa yangu. Nilikuwa na simu nyingine inaniandikia. Hata ule utulivu, nilikuwa nasubiri iandike.”

Upande wa pili nikasikia simu zikiita nyuma ya yule mama, na sauti za watu wengine wakizipokea. Mwishowe akasema, “Wewe unajua nafasi ile tumewakatalia wangapi?”

“Sijui, mama.”

“Mmoja wao alilia kwenye simu.”

“Samahani.”

“Samahani yako haimfikii yeye,” akasema. “Shangazi yako anajua?”

Nikajibu mimi. Nikasema niliona siku ile ile nikafunga dirisha.

Akashusha pumzi ndefu, kama mtu anayeweka mzigo chini au anayeubeba, sikuweza kujua ni lipi. Akasema, “Nimesikia.” Akakata.

Toka hapo tumekaa. Wakili ameingia chumbani kwake akafunga mlango. Mimi nimevuta kiti hapa mezani niimalize barua hii, maana nikiacha mikono bure nitaanza kukunja mapazia.

Kaka, ninakuomba jambo moja, nalo ndilo nililolizunguka tangu mwanzo. Rudi. Usisubiri kazi yake. Kama ataipata, utamkuta anayo. Kama hataipata, atakuwa na baba nyumbani wakati anatafuta nyingine, na mimi sitakuwa peke yangu kumpikia chai ya uso ulioanguka. Chumba changu nitakuachieni wewe na wifi, nitalala sebuleni, na goti litazoea. Ukinikasirikia, njoo unikasirikie hapa.

Msalimie sana wifi, mwambie vyombo vyake asivigawe vyote wala asivirudishe. Mbusu Kidoti kwenye lile doti la shavuni. Wasalimie pia wale wenzako wawili mnaoishi nao, yule mpishi na yule mwenye gitaa lisilo na nyuzi. Bi Pasi anakusalimu, anadai mliwahi kucheza dansi, mimi nimekataa kum


Nimekatizwa. Simu ya Wakili imeita chumbani. Amefungua mlango, ametoa kichwa nje, ameniambia kwa midomo tu, bila sauti: ni yeye. Yule mama. Halafu akaziba kipaza cha simu kwa kiganja, akaninong’oneza: “Anajifanya amepotea.” Na mlango hakuufunga.

Ile simu ya pili iko hapa mbele yangu, imezimwa, imeegemea kopo la sukari. Nimeiangalia mara mbili kuhakikisha.

Nakuandikia ninachosikia, upande wa kwake tu:

“Ndiyo, nakusikia.”

“Usikate. Uko wapi?”

Yule mama analia, au anaigiza kulia, nasikia hata mimi.

“Hujui. Sawa, si kitu. Anapumua? ... Vizuri. Sasa geuka nyuma taratibu, niambie kitu cha kwanza unachokiona.”

Sijui kama watamchukua. Huenda yule mama anataka tu kumwonyesha kazi aliyotaka kuiiba inafananaje. Bado yuko naye. Anauliza, anasubiri, anauliza tena, sauti inamtetemeka, na hasomi popote.

Mungu akulinde njiani, Kaka, ukiamua kuishika.

Dada yako akupendaye hata ukimkasirikia,
Kalenda.